Seva ya Linux katika ofisi ya Windows: si maji na mafuta

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama, haipiti wiki hapa Lubumbashi bila mtu kuniuliza swali moja kwa sura tofauti. Wakala wa forodha ameambiwa atupe kompyuta zake zote anunue mpya. Shule moja imeshauriwa iweke Linux kila mahali, na matatizo yote yatakwisha. Mwenye duka la vipuri yeye kaambiwa kwamba seva ya Linux na kompyuta za Windows hazikai mtandao mmoja, ni maji na mafuta. Mkurugenzi wa ofisi ninayoihudumia akanipigia simu jioni, amechoka: "Papa, niambie kitu kimoja tu. Hiyo Linux inafaa ao haifai?"

Nilishindwa kumjibu kwa neno moja, maana ndani ya swali lake mlikuwa na mambo matatu yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa mitumba. Tuufungue.

La kwanza ni seva. Watu hudhani seva ni sanduku kubwa jeusi lenye taa, la bei ya gari. Seva ni kazi. Kompyuta yoyote inayokaa macho ikingoja wenzake waiombe kitu, faili au anwani au nafasi ya kuchapa, hiyo ni seva, hata kama ni mashine ya mezani ya miaka kumi iliyonunuliwa mkono wa pili. Mfano wake ni mwenye ufunguo wa depo ya unga. Mchuuzi haingii mwenyewe kubeba gunia. Anagonga, anaulizwa: wewe nani, umetumwa na nani, unachukua nini? Akijibu vizuri anapewa, na daftarini kunaandikwa.

La pili ni Linux. Huo ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiwezesha mashine kufanya kazi, kama Windows ilivyo. Kiini chake kilitangazwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds. Kiini peke yake hakikusaidii ofisini. Hufungashwa pamoja na programu nyingine, na mafungu hayo ndiyo yana majina unayoyasikia, Debian, Ubuntu na mengine. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa na kiini hicho hicho. Vivyo hivyo vile visanduku vidogo vya kuhifadhia faili ambavyo ofisi nyingi za mjini zimenunua. Ukivifungua ndani, vingi ni Linux. Kwa hiyo baadhi ya wanaoapa kwamba Linux haitaingia kwao, imekwisha kulala kwao miaka mitano.

La tatu ni mtandao mchanganyiko, na hapa sina maelezo marefu. Ni ofisi yako. Kompyuta sita za Windows 10, mbili za Windows 11, Mac ya bosi, simu kumi na printa moja inayokohoa.

Sasa jambo ambalo ningependa mkurugenzi yule alielewe kabla ya mengine: kuweka seva ya Linux hakumlazimu mtu yeyote abadilishe kompyuta aliyonayo mezani. Mama wa uhasibu ataendelea na Windows yake na programu yake ya uhasibu, kwa kuwa programu nyingi za namna hiyo zimeandikwa kwa ajili ya Windows na hazijui pengine. Seva inakaa chumba cha nyuma. Yeye anaona folda tu. Na kinyume chake ni kweli pia: seva ya Linux haiponyi Windows 10 iliyozeeka mezani. Kompyuta hiyo bado inahitaji njia yake, ama ipandishwe hadi Windows 11 ikiwa inaruhusu (mashine nyingi za zamani hukataliwa kwa kukosa kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 au kwa uzee wa prosesa), ama ibadilishwe, ama yenyewe ndiyo iwekewe Linux. Ni maamuzi mawili tofauti, na anayekuuzia yote mawili kwa sentensi moja muulize maswali.

Lugha ya mpakani

Zinaelewanaje basi? Kompyuta ya Windows ikitaka faili kwa jirani, inaomba kwa lugha iitwayo SMB. Hiyo ni itifaki, makubaliano ya nani aanze kusema, aseme nini, na ajibiwe vipi. Ni lugha iliyolelewa upande wa Windows. Linux haikuzaliwa nayo. Aliyeifundisha ni Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamifu huko Canberra, Australia, ambaye mwishoni mwa 1991 alianza kuchungulia vipande vya data vinavyopita kwenye waya ili aone mashine zinaambiana nini.

Mtu aliyekulia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, hashangai. Dereva ametoka Kitwe na Kiingereza chake, karani ametoka Likasi na Kifaransa chake, na gari linapita kwa sababu wote wawili wanajua Kibemba. Hakuna aliyekaa darasani. Mmoja alisikiliza, akajaribu neno, akachekwa, akajaribu jingine.

Programu aliyoiandika Tridgell ilihitaji jina jipya baadaye, kwa kuwa la kwanza lilikuwa na mwenyewe. Akaiagiza kompyuta imtafutie maneno yenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo. Mojawapo likawa Samba. Ndilo jina utakalolisikia kila fundi akizungumzia seva ya Linux katika ofisi ya Windows: Samba ndiyo inayoongea SMB kwa niaba ya Linux. Kwa miaka mingi waandishi wake walifanya kazi ya kusikiliza na kubahatisha, hadi Tume ya Ulaya ilipoiamuru Microsoft mwaka 2004 itoe maelezo ya itifaki zake. Makubaliano ya kuwapatia yalifikiwa Desemba 2007, kwa malipo ya euro 10,000. Toleo la 4.0, la Desemba 2012, likaongeza uwezo wa kusimamia ofisi nzima kwa mtindo wa Windows wenyewe, jambo nitakalolirudia.

Kwa hiyo hadithi ya maji na mafuta imepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka thelathini. Mashine zinaelewana. Zinapokosana, mara nyingi lugha si kosa. Kosa liko kwenye yale maswali ya mlangoni.

Wewe nani?

Kuna simu ninayoipokea tangu Windows 11 ilipotoa toleo la 24H2, Oktoba 2024. Kompyuta imejisasisha usiku. Asubuhi folda ya pamoja haifunguki, na kwenye kioo kuna ujumbe wa Kifaransa kwamba sera za usalama za shirika lako zinazuia mgeni asiyejitambulisha. Bosi mmoja aliniuliza, "Sera gani? Sisi hatuna sera hapa."

Kilichotokea ni hiki. Ofisi nyingi ziliwekewa seva ya Linux na fundi mwenye haraka, akaacha mlango wazi: anayegonga aingie kama mgeni, bila nywila. Ilikuwa rahisi, hakuna aliyesahau nywila, kila mtu alifurahi. Toleo la 24H2, hasa la Pro linalotumika maofisini, linataka kila ujumbe wa SMB uwe na saini ili asitokee mtu katikati ya njia akaubadilisha. Saini hiyo hutengenezwa kwa ufunguo unaotokana na nywila yako. Mgeni hana nywila, hivyo hana cha kusainia. Windows ikaacha kabisa kuingia mahali pa namna hiyo.

Ukitafuta suluhisho mtandaoni utaelekezwa haraka namna ya kuzima sharti la saini na kuwarudisha wageni. Inafanya kazi, dakika tatu tu. Mimi sifanyi hivyo. Seva haikuharibika, iliulizwa swali la adabu ikawa haina jibu. Mpe kila mfanyakazi jina na nywila yake kwenye seva, na mlango unafunguka.

Hapo ndipo wapya hujikwaa tena. Katika seva ndogo ya Samba kuna madaftari mawili. Linux ina orodha yake ya watumiaji na nywila zao, Samba ina orodha yake. Ukibadilisha nywila ya Linux, ya Samba haibadiliki, isipokuwa fundi ameziunganisha. Mtu anakwambia nimebadilisha nywila na bado inakataa. Kweli amebadilisha, ila ya chumba kingine.

Kwa ofisi ya watu watano hilo linavumilika. Kwa watu arobaini, kila mmoja akiwa na orodha kwenye kompyuta yake na nyingine kwenye seva, ni fujo. Ndiyo maana ikaja domeni: daftari moja la ofisi nzima, kwenye seva moja, kiasi kwamba karani akikaa kompyuta yoyote anaandika jina lake na anatambuliwa. Microsoft wanaiita Active Directory, na Samba tangu toleo lile la 2012 inaweza kuisimamia. Anayeingia asubuhi hupewa tiketi ya siku na mlinzi aitwaye Kerberos, kisha haulizwi nywila tena kila mlango. Anaonyesha tiketi.

Domeni ina masharti mawili ambayo hapa kwetu huvunjwa kila siku.

Sharti la kwanza ni DNS, kitabu cha simu cha mtandao: unampa jina, anakupa anwani. Katika domeni, kitabu hicho lazima kiwe cha seva yenu, kwa sababu ndicho pekee kinachojua jina la seva yenu. Sasa kijana anayejua kidogo anakuja, anaona intaneti inasuasua, anaingia kwenye kompyuta ya Windows na kuandika 8.8.8.8, kitabu cha Google, amesikia ni chepesi. YouTube inafunguka vizuri. Domeni inapotea, maana Google haina habari kwamba kuna seva iitwayo "depo" katika jengo lenu. Vitabu vya nje vinaulizwa na seva, si na kompyuta za mezani.

Sharti la pili ni saa, na hili ni letu kabisa. Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5 kati ya saa ya mteja na saa ya seva. Tiketi ya zamani ikiokotwa isitumike tena, ndiyo sababu. Kongo ina kanda mbili za saa. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Anayesakinisha Windows anaona kwenye orodha "Afrika ya Kati Magharibi", anafikiri ndiyo nchi yake, anabofya. Saa inaonyesha tatu na sisi tuko saa nne. Badala ya kurekebisha eneo, anasogeza mshale kwa mkono, saa nne, kwisha. Machoni iko sawa. Lakini kompyuta ndani yake huhesabu kwa saa ya dunia, na kwa hesabu hiyo sasa iko saa nzima mbele ya wenzake. Nimewahi kukaa mchana mzima nikijaribu kuingiza kompyuta moja kwenye domeni, inakataa, nikabadilisha kebo, nikabadilisha swichi, nikamlaumu kila mtu isipokuwa saa ya ukutani iliyokuwa juu ya kichwa changu. Kwenye Linux eneo letu linaitwa Africa/Lubumbashi, lipo kwa jina lake. Kwenye Windows uchague mstari wa Harare na Pretoria.

Ongeza hapo kile kibetri kidogo cha duara kwenye ubao wa kompyuta za zamani. Kikifa, umeme ukikatika saa inarudi mwaka iliyotengenezwa mashine. Ni kitu cha bei ndogo sana. Kinunueni.

"Seva inakufa"

Hivyo ndivyo alivyoniambia katibu wa ofisi moja karibu na katikati ya mji, saa mbili na nusu asubuhi: "Papa, seva inakufa." (Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa: kwa Kiswahili cha Katanga hiyo maana yake imekwisha kufa, si kwamba iko mahututi.)

Nilipofika niliuliza kwanza, imekufa kwa nani? Ikaonekana waliokaa upande wa kulia wa korido wanafanya kazi. Upande wa kushoto hawaoni kitu, hata printa. Maiti haifi nusu. Nikaketi kwenye kompyuta ya kushoto nikaangalia anwani yake: ilianza na 192.168.0. Ya kulia ilianza na 192.168.1, sawa na seva.

Kila mashine kwenye mtandao ina anwani, na mtu lazima azigawe. Mgawaji huitwa DHCP. Ni yule karani wa harusi anayewaonyesha wageni meza zao. Akiwa mmoja, mambo yanakwenda. Wiki ile meneja alileta ruta ndogo ya Wi-Fi ili simu zake zipate mtandao vizuri, akachomeka kebo kwenye tundu lolote lililokuwa wazi. Ruta hiyo nayo ina karani wake ndani, imewashwa tangu kiwandani. Sasa harusi ina makarani wawili wenye orodha mbili tofauti, na kompyuta inamfuata aliyejibu kwanza. Waliomfuata wa ruta wakapelekwa ukumbi mwingine.

Seva ilikuwa haijawahi kuzimika siku 140. Nilichomoa kebo moja. Meneja hakufurahi.

Kisa hiki nimekirefusha kwa makusudi, maana nikihesabu simu zote za "seva inakufa", zile ambazo seva yenyewe ilikuwa mbovu ni chache mno. Kabla hujamwita fundi, mwulize jirani wa dawati la pili kama kwake inafunguka. Na intaneti kukatika si seva kufa: faili zenu zimo jengoni, zinapita kwenye kebo zenu, hazihitaji hata megabaiti moja ya kununua.

Nani anaruhusiwa nini

Umeshatambuliwa, umeingia depo. Je, unaruhusiwa kubeba au kutazama tu? Linux hujibu kwa mstari kama huu:

-rw-r----- kontable uhasibu bajeti.xlsx

Usiogope. Kistari cha kwanza kinasema hili ni faili. Herufi tisa zinazofuata zigawe tatu tatu. Tatu za kwanza ni za mwenye faili, hapa "kontable": anasoma (r) na kuandika (w). Tatu za kati ni za kundi, "uhasibu": wanasoma tu. Tatu za mwisho ni za watu wengine wote: vistari, hawana kitu. Ndivyo hivyo tu. Kusoma kunahesabiwa 4, kuandika 2, kutekeleza 1, na ukijumlisha kila tatu peke yake unapata ile 640 au 770 ambayo mafundi huitamka kama namba ya simu.

Mafundi wengine wana namba moja tu, 777. Maana yake mwenyewe, kundi, na kila mpita njia wafanye lolote. Mtu akilalamika kwamba faili halifunguki, anapigiwa 777 na anaondoka akishukuru. Ni kung'oa mlango wa depo kwa sababu ufunguo ulikuwa mgumu.

Lalamiko lenyewe lakini ni la kweli: jana niliandika kwenye faili hili, leo linakubali kusomwa tu. Sababu yake imejificha katika tabia ya Excel. Unapohifadhi, Excel haiandiki juu ya faili la zamani. Inatengeneza jipya pembeni, kisha inalipa jina la lile la zamani. Kwa macho yako ni faili lile lile. Kwa Linux ni faili lililozaliwa sasa hivi, mwenye nalo ni aliyelihifadhi mwisho, na kundi lake ni kundi la mtu huyo. Wenzako wakazuiwa kuandika bila mtu kukosea. Dawa ni kuiagiza folda kwamba kila kinachozaliwa ndani yake kirithi kundi la folda, ile tarakimu 2 ya mbele katika 2770, na kuiambia Samba iwape kundi ruhusa ya kuandika. Inachukua muda mfupi kama ile 777.

Kitu kingine cha kuangalia: Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Bajeti.xlsx na bajeti.xlsx kwake ni mafaili mawili, Windows kwake ni moja. Samba huficha tofauti hiyo vizuri, mradi watu wote wanapita kwa Samba. Anayeingia kwa mlango wa nyuma wa Linux anaweza kuacha yote mawili, na wa Windows wataona moja na kubishana siku nzima ni lipi.

Haina virusi?

Hili nalisikia kanisani, sokoni, hata kwa walinzi. Lina ukweli nusu. Virusi vingi vinavyozunguka kwenye flashi za hapa mjini vimeandikwa kwa Windows, na vikitua kwenye seva ya Linux haviwezi kukimbia. Vitakaa hapo tu, vikimsubiri mwenye Windows aje avichukue. Seva haiugui lakini inaambukiza.

Halafu kuna programu zinazofunga faili na kudai fidia. WannaCry, tarehe 12 Mei 2017, ilipita kwenye tundu la usalama la toleo la kwanza la SMB kwenye Windows. Watu wa Linux wakacheka. Siku 12 baadaye, tarehe 24 Mei, Samba nayo ikatangaza tundu lake, lililokuwamo tangu toleo la 3.5.0 la mwaka 2010. Aliyesasisha akapona. Toleo hilo la kwanza la SMB sasa limezimwa kwenye Windows na Samba za karibuni, na printa ya zamani isiyojua jingine isiwe sababu ya kuliwasha kwa ofisi nzima.

Lakini hata bila tundu lolote, kompyuta ya Windows ya karani ikiambukizwa, programu ile itafunga kila faili la seva ambalo karani ana ruhusa ya kuandika. Linux haitaizuia, kwa sababu inaona ni karani mwenyewe anafanya kazi, ana jina, ana nywila, ana tiketi. Rudi sasa kwenye 777 uone bei yake.

Kinachookoa hapo ni nakala. Nakala nzuri ni ile ambayo seva yenyewe inaivuta usiku na kuiweka mahali ambapo hakuna mtumiaji anayeona hata jina lake, na nyingine inatoka nje ya jengo. Diski mbili zinazofanana ndani ya seva si nakala. Ukifuta faili kwenye moja, limefutika kwenye zote mbili papo hapo. Zinakukinga diski ikifa, basi.

Kuhusu umeme sitasema sana, kila mtu hapa ni profesa wa jambo hilo. Mfumo wa faili wa Linux huwa na shajara inayouwezesha kusimama tena baada ya kuanguka ghafla, ila shajara huokoa rafu za depo; gunia lililokuwa mkononi linamwagika. Onduleur, kile kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, wengi wanayo. Wachache wamechomeka ile kebo yake ya USB kwenye seva, ambayo kazi yake ni kuiambia seva "betri inakwisha, jizime kwa heshima". Bila hiyo, onduleur inaahirisha tu kifo cha ghafla kwa robo saa. Na msimu wa mvua, radi hupita hata kwenye kebo ya mtandao iliyotandazwa kutoka jengo moja hadi jingine.

Bei, na bahasha

"Linux ni ya bure" ni kauli ya kweli yenye hatari. Hulipi leseni ya seva, wala ile leseni ya kila mtumiaji ambayo Windows Server huidai. Unalipa mtu. Usipomlipa kwa mwezi utamlipa kwa hasira. Ofisi ambayo haina mtu wa kuiangalia seva hata mara moja kwa mwezi, kusoma masasisho, kujaribu kurudisha faili moja kutoka kwenye nakala, naishauri inunue kile kisanduku kidogo chenye kurasa za kubofya, na wala si aibu.

Na mtu huyo akiondoka? Linux ina mtumiaji mkuu, root, mwenye funguo zote. Nywila yake nawaomba wakurugenzi waiweke kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya kasha. Ofisi moja ilifanya hivyo sawasawa. Fundi wao akahama, mwaka ukapita, kibodi ya seva ikafa, wakaleta nyingine iliyotoka Zambia. Siku walipohitaji kuingia, mkurugenzi akafungua bahasha mbele yetu: Mawazo, na tarakimu kadhaa. Akaandika. Ikakataa. Akaandika polepole, herufi kwa herufi, ikakataa tena. "Mama, huyu kijana alitudanganya," akamwambia katibu wake.

Nikamwuliza mama kibodi ya zamani ilikuwaje. "Ya Kifaransa, kama zetu zote."

Fundi alikuwa amesakinisha Linux akiiacha iamini kwamba kibodi ni ya Kimarekani, ambayo herufi zake hazikai mahali pamoja na za Kifaransa. Nywila ukiiandika haionekani, kwa hiyo hakujua. Alipobonyeza A kwenye kibodi ya Kifaransa, mashine ilipokea q. Z ikawa w, W ikawa z, na M kubwa, ambayo kwa Wafaransa imekaa kando ya L, ikawa nukta mbili. Akarudia mara ya pili kuthibitisha, vilevile, ikakubali. Mwaka mzima nywila ya ofisi ile ilianza na :qzqwo na hakuna binadamu aliyeijua.

Nikaiandika hivyo kwenye kibodi ya Zambia, iliyo ya Kiingereza, na tarakimu nazo nikazibonyeza pamoja na Shift, kama Mfaransa anavyozibonyeza. Mlango ukafunguka.